Nani Kala Kichipukizi? Mwongozo kwa Mkulima wa Bonde la Mbwemkuru

Mche wa mkorosho ulioupanda kwa mvua za Januari umefika usawa wa goti, na asubuhi moja unaukuta hauna ncha. Kabla hujaenda kwa mtendaji wa kijiji kumshtaki mfugaji, na kabla hujapita dukani kununua sumu, chuchumaa kwanza. Kitawi kilichobaki kina mengi ya kusema, mradi ukitazame siku hiyo hiyo.

Nasisitiza hilo kwa sababu katika bonde la Mbwemkuru, kuanzia vijiji vya Nachingwea vinavyopakana na Liwale mpaka vile vya Ruangwa vinavyotazamana na Kilwa, lawama ina njia yake iliyozoeleka. Wa kwanza kutajwa ni mbuzi na ng'ombe, hasa tangu mifugo ilipoingia kwa wingi mkoani Lindi baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu na Usangu mwaka 2006 na 2007. Wa pili ni tembo. Sungura hatajwi, nsya hatajwi, na mdudu asiyezidi sentimita moja hafikiriwi kabisa, ingawa huenda ndiye anayekupunguzia magunia kuliko hao wote.

Anza na jeraha lenyewe. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na jamii yote ya swala hawana meno ya mbele kwenye taya la juu. Wana ufizi mgumu tu. Wakikamata kitawi hukibana kati ya meno ya chini na ufizi ule, kisha huvuta kwa kutupa kichwa. Kitawi kinachanika badala ya kukatika: ncha inabaki na nyuzi, gome limening'inia upande mmoja, jani limekwanyuka likaacha kipande cha kikonyo. Sungura ni kinyume chake. Ana meno makali juu na chini, na anapolaza kichwa ubavu ili akate, huacha mkato wa mshazari, laini, ambao mtu angeapa umepitishwa wembe. Panya na ndezi nao hukata safi, ila ukisogeza jicho karibu utaona mifereji midogo ya meno, miwili miwili, kwenye mti. Nungunungu hahangaiki sana na ncha. Yeye huguguna gome karibu na ardhi, na ukipekua majani yaliyoanguka hapo chini mara nyingi utaokota mwiba wake.

Pitisha kidole gumba juu ya jeraha. Nyuzi zikikukwaruza, mtuhumiwa hana meno ya juu. Kidole kikiteleza, wasahau mbuzi na ng'ombe kabisa, hata kama nyayo zao zimejaa shambani, kwa maana mnyama anaweza kupita bila kula. Kipimo hiki ni cha bure, na kimoja tu kinaondoa nusu ya ugomvi.

Kisha pima kimo. Chini ya goti ni eneo la sungura na panya, na pia la watoto wa mbuzi. Kutoka gotini mpaka kiunoni wanafika nsya, funo na paa. Mbuzi mzima akisimama kwa miguu ya nyuma anagusa usawa wa kichwa cha mtu, jambo ambalo wasiofuga huwa hawalijui. Wanaona tawi limeliwa juu wanasema huyu ni tandala. Tandala na pofu hufika huko juu bila kusimama kwa miguu miwili, na pofu ana tabia ya kulisokota tawi kwa pembe mpaka livunjike ndipo ale ncha zake. Ila kumbuka kwamba kimo kinakuonyesha nani hakuweza, hakikuonyeshi nani aliyeweza. Tandala naye anainama. Kwa hiyo jeraha la juu linawaachilia huru wafupi, wakati jeraha la chini halimwachilii mtu.

Twiga usimhesabu. Kusini mwa Rufiji hayupo, na ni ajabu ya nchi hii kwamba mla ncha za miti mrefu kuliko twiga yeyote aliwahi kuishi hapa hapa. Kilima cha Tendaguru kiko upande wa mashariki wa bonde hili, katika eneo la Lindi, na kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya mijusi mikubwa ya miaka milioni 150 hivi iliyopita, wakaibebesha wapagazi mpaka bandarini Lindi. Mmoja wao, Giraffatitan, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937, na kichwa chake kiko zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni. Pamoja naye walichimbwa Dicraeosaurus mwenye shingo fupi na Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, ambao mdomo wao haukuweza kufika mbali na ardhi. Yaani hata wakati ule walaji waligawana mti kwa vimo, kama wanavyogawana leo nsya, tandala na tembo.

Tembo hahitaji kidole gumba. Yeye havunji kitawi, anavunja mti. Hukwanyua tawi zima kwa mkonga, huambua gome kwa vipande virefu, na mninga alioumenya hutiririsha utomvu mwekundu unaoonekana kutoka mbali. Tembo mzima hula kiasi cha kilo 150 za majani, gome na matawi kwa siku, na sehemu kubwa haisagiki vizuri. Pasua kinyesi chake kwa kijiti utaona vipande vya vitawi na mbegu nzima. Ukiona hayo, kazi ya upelelezi imekwisha na kazi nyingine imeanza. Usimfuate porini ili uhakikishe. Piga picha nyayo, kinyesi na mazao yaliyoharibika, kisha toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji ili imfikie afisa wanyamapori wa wilaya. Kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama hatari, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Kifuta jasho si fidia, na anayekitegemea kulipia shamba atavunjika moyo, lakini taarifa isiyoandikwa haileti hata hicho. Sungura na nsya hawamo katika hesabu hiyo, kwa hiyo usijaribu kumpa tembo dhambi zao; afisa akifika ataona jeraha lilivyo.

Wanaoishi karibu na njia za tembo watokao Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, wamejua muda mrefu kwamba kelele peke yake hazitoshi. Uzio wa kamba yenye vitambaa vilivyolowekwa oili chafu na pilipili ya kusaga unasaidia, ukipakwa upya kila mvua ikiuosha. Mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya kuzunguka shamba nayo inasaidia, na inaleta asali, lakini inataka nyuki wakae kweli ndani yake. Mzinga mtupu tembo anaupita.

Nyani na tumbili tuwapitie haraka, kwa kuwa wana mikono na hawajui kuficha. Hunyofoa tumba, huonja, hutupa. Ukikuta chini ya mti vichipukizi vilivyong'atwa nusu vikatapakaa, tazama juu. Na kuna mlaji mwingine ambaye mwongozo wa heshima haupaswi kumsahau: binadamu. Ncha za mihogo zilizokatika sawasawa, majani matatu manne ya juu tu, kila shina la pili au la tatu, utomvu mweupe ukiwa bado unadondoka alfajiri, huyo ni jirani aliyepita kuchuma kisamvu. Adabu ya kijijini unaijua, zungumza naye.

Sasa tuje kwa wadogo, na hapa naomba uvute subira, maana ndipo fedha inapopotea. Mikorosho huchipua upya mvua zinapokatika, kuanzia Mei hivi, na machipukizi yake laini yanakuja wakati pori linaanza kukauka. Ukikuta machipukizi hayajaliwa, yapo yote, ila yamekauka na kuwa meusi kana kwamba moto umepita chini ya mti, huyo ni mbu wa mikorosho. Si mbu kweli. Ni mdudu mwembamba mwenye miguu na vipapasio virefu, anayechoma kichipukizi kwa mrija wake na kufyonza maji ya ndani. Amka mapema, kabla jua halijawa kali, ukageuze majani machanga upande wa kivuli. Ukimpata, mtazame mgongoni: ana kijiti kidogo kilichosimama wima, chenye kifundo nchani. Alipochoma hubaki doa jeusi lenye pembe pembe kwenye kijiti cha kijani, na madoa yakizunguka kichipukizi, sehemu yote ya juu hufa.

Watu huchanganya madhara ya mdudu huyu na ubwiriunga. Ubwiriunga ni ukungu. Huacha unga mweupe juu ya majani machanga na mashada ya maua, ukiufuta unabaki kidoleni. Dawa yake ni salfa. Mbu wa mikorosho haachi unga, na salfa haimsumbui. Mkulima anayepuliza salfa juu ya machipukizi meusi anamlisha muuza pembejeo na kumwacha mdudu akiendelea. Kama huna uhakika, chukua machipukizi yaliyoathirika, yatie kwenye bahasha ya karatasi (mfuko wa plastiki huyaozesha) umpelekee bwana shamba. Kituo cha Naliendele kule Mtwara ndicho kilichobeba utafiti wa zao hili nchini, na ushauri wa viuatilifu vya msimu hutoka huko.

Kabla ya kupuliza chochote, tazama kama mti una viota vya maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani pamoja. Wengi huwachukia kwa sababu wanauma, na wenye haraka huchoma viota vyao. Hilo ni kosa. Maji moto huwawinda mbu wa mikorosho pamoja na yule kunguni anayefyonza korosho changa zikanyauka, na mti wenye viota vingi vilivyo hai kwa kawaida hauhitaji sumu ya wadudu. Sumu ukiipuliza hovyo inaua mlinzi pamoja na mwizi, na mwizi ndiye anayerudi kwanza. Kuhusu kuuma, korosho huokotwa chini baada ya kudondoka, si kama embe ambalo mtu hulipandia mtini, kwa hiyo unaweza kuvuna bila kugombana nao sana. Ukiwa na mti wenye maji moto na jirani yake hauna, funga kamba kutoka tawi hadi tawi wavuke wenyewe.

Kuna mwingine ambaye kazi yake ukiiona mara ya kwanza utadhani mtu kaja na msumeno. Tawi nene kama kifundo cha mkono limezungushiwa mfereji wa umbo la V, safi kabisa, likabaki limeshikwa na kijiti chembamba katikati. Upepo ukija linaning'inia au linaanguka. Huyo ni mbawakawa mwenye vipapasio virefu kupita mwili wake. Jike hulikata tawi makusudi, kisha hutaga mayai kwenye sehemu iliyo juu ya mfereji, kwa kuwa mabuu yake hukua ndani ya mti unaokufa. Ndiyo maana kuliacha tawi lililoanguka litumike kuni mwakani ni kumfugia. Kusanya yaliyoanguka na yanayoning'inia, yachome moto msimu huo huo. Hakuna sumu inayolingana na kazi hiyo.

Umri wa jeraha nao una maana kubwa kuliko watu wanavyoupa. Jeraha la leo lina unyevu na rangi ya kijani au nyeupe. Mkorosho hutoa utomvu unaoganda siku zinazofuata, na mti unakuwa kahawia. Mfugaji aliyepita jana jioni hawezi kuulizwa habari ya jeraha lililokwishakauka na kuanza kuchipua pembeni. Mwite aje. Maneno kama "Mzee, njoo utazame mwenyewe hiki kitawi" yanafanya kazi ambayo kikao cha baraza hakifanyi, hasa kama umemwalika na jirani wa tatu, na kama umekubali moyoni kwamba huenda ukamkuta hana hatia.

Majira pia yasomwe. Shida ya walaji wa porini huwa kali zaidi Juni mpaka Agosti, nyasi zimekauka, majani ya miombo yanadondoka, na chako ndicho cha kijani kilichobaki. Ikifika Septemba na Oktoba, miombo huchipua majani mekundu mekundu wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua, na porini kunakuwa na chakula tena. Visiki navyo huchipua. Waingereza walilijua hilo kwa gharama kubwa hapa Nachingwea, walipoleta mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kung'oa pori kwa matrekta. Mpango ukafa mwaka 1951, na miombo ukiiachia nafasi hurudi kutoka mizizini. Kwa maoni yangu machipukizi ya visiki pembezoni mwa shamba yasifyekwe yote mwezi Julai. Nsya akiyapata hapo, hana haraka ya kuingia ndani.

Kwa miche michanga, kinga ni uzio kuliko dawa. Zungushia kila mche matawi ya miiba yaliyosimikwa, si kutupwa tu juu yake, maana yakilala mbuzi huyavuta. Wengi hupaka majani uji wa samadi ya mbuzi, kwa sababu mbuzi hapendi kula kilichonuka mavi yake. Inafaa kiangazi, mvua ikinyesha unaanza upya. Mitego ya nyaya achana nayo. Kutega wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, na waya hauchagui kati ya nsya na mbwa wa jirani.

Na kama mla ni mbuzi wako mwenyewe, jambo ambalo kidole gumba huligundua mara kwa mara, mpe chakula cha asubuhi kabla ya kumfungulia. Mbuzi ni mla vitawi kwa asili, kiangazi nyasi kavu hazimshibishi. Mabua ya mbaazi yenye majani baada ya mavuno, matawi ya mkwaju, mkole au lukina, yote anayapokea. Yafunge yaning'inie usawa wa kichwa chake. Ukiyatupa chini atayakanyaga na kuyakojolea, kisha hayagusi. Majani ya muhogo mchungu yaanike juani kwanza, mabichi yana sumu. Mpingo na mninga usiikate kwa lishe, ni miti yenye sheria zake.

Imebaki miche iliyokwisha kuliwa. Usiing'oe kwa hasira. Ncha ikiondoka, macho ya pembeni yaliyokuwa yamelala huamka, na ndani ya wiki chache utaona machipukizi mawili, matatu au zaidi yakigombea nafasi. Chagua moja lenye nguvu lililosimama wima, mengine yanyofoe kwa kidole yakiwa bado laini, la sivyo utapata kichaka kinachotambaa chini, ambacho mwakani kitaliwa kwa urahisi zaidi. Ila kama mche ni wa kubebesha, tafuta kwanza kiungo, lile kovu dogo shinani ambapo kikonyo cha mbegu bora kiliunganishwa. Umeliwa juu ya kovu, hakuna tatizo, utaendelea na aina uliyoinunua. Umeliwa chini yake, kitakachochipua ni shina mama, na utahudumia kwa miaka mitatu mkorosho usiojua utazaa nini. Huo uweke alama kwa kijiti, acha shimo lake likisubiri na samadi ndani, ili upande mche mwingine Januari ardhi ikiwa imelowa.